Nilimlisha Maneno Mzee wa Mfongo

Ndugu wasomaji, kosa ni langu peke yangu. Sikulewa wala sikutumwa na mtu.

Nilisoma mpaka darasa la nne, yaliyobaki mdomo ukanisaidia. Alikuja Mzungu mmoja wa chuo cha uchunguzi. Kazi ya chuo chao ni kuulizauliza watu wanavyoishi, halafu kuishauri Serikali itawale vipi pasitokee fujo. Kiswahili alikijua, Kichagga hapana. Mimi ndiye nikawa namgeuzia maneno.

Tukazunguka kwetu Uru, mgomba kwa mgomba. Wazee wetu mnawajua: ukimuuliza habari ya maji, anaanzia kwa babu yake. Bwana anasinzia. Nikaona nikikoleza kidogo anaamka, na akiamka ananipa sigara. Basi nikawa nakoleza. Mzee akisema mkewe mkali, mimi nasema ana masharubu. Bwana anacheka mpaka kofia inadondoka. Nikajiona mjanja.

Tukafika kwa Mzee Aloisi. Huyu ndiye alikuwa anasimamia mfongo, ule mfereji unaoleta maji ya mlimani kwenye mashamba yetu. Ukiziba, anapiga baragumu, na kila nyumba inatoa mwanamume wa kwenda kuzibua.

"Muulize," Bwana akasema, "kwa nini yeye akiita watu wanakuja mbio, na Mangi, chifu wenu, akiita baraza wanajikokota?"

Mzee Aloisi akacheka. "Mwanangu, mwambie asiyekuja kuzibua hapati maji. Basi. Hilo nalo la kutoka nalo Ulaya kuja kuuliza?"

Nikaona jibu halina chumvi. Nikamgeukia Bwana: "Anasema watu wanamwogopa yeye kuliko Mangi. Akipuliza tu, Uru nzima inashuka na mapanga."

Mapanga ni kweli huwa wanakuja nayo, ya kufyekea magugu ya mferejini. Hapo ndipo nilipoona utamu. Nikangoja Bwana acheke. Hakucheka.

"Mapanga?"

"Na majembe," nikasema.

Sigara sikupewa. Mzee Aloisi akatukatia mkungu wa ndizi tuondoke nao, akanitwisha mwenyewe.

Siku hizo kule Kenya watu walikuwa msituni wanapigana, na wakubwa wa huku walikuwa hawalali vizuri. Nilikuwa najua. Sikuyaunganisha na mapanga yangu.

Mvua zilipokatika, askari wakaja wakamchukua Mzee Aloisi. Wakachukua na baragumu. Tukaambiwa kapelekwa kukaa wilaya ya mbali, asirudi mpaka Serikali iridhike.

Nikamfuata Bwana Moshi mjini. "Bwana, yale ya mapanga yalikuwa mzaha wangu. Mzee hakusema."

"Haiwezekani," akasema. "Wakubwa wa Serikali kule Boma nao wanasema hivyo hivyo."

"Boma wameyatoa wapi?"

"Kwenye taarifa yetu."

Akasema hivyo tu, akaendelea kunywa chai. Nadhani hakuyasikia maneno yake mwenyewe.

Sasa mfongo umeziba. Hakuna wa kuita watu, kila mmoja anamwangalia mwenzake. Wanawake wanashuka bondeni kuchota, wanapanda na ndoo kichwani.

Nasikia mtu akiungama analia. Mimi sijalia. Nakula, nalala, nikitaniwa natania. Ni kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi, unaugusa unaona ni wa mtu mwingine.

Nikachuma jani la isale, nikampelekea mke wa Mzee Aloisi. Kwetu ukiletewa isale umeombwa radhi, na kukataa huwezi. Nikamweleza yote. Alikuwa anamenya ndizi, kisu hakikusimama.

"Nimepokea," akasema.

"Asante, mama."

"Usinishukuru. Ningekuwa na ruhusa ya kukataa, ningekataa. Sasa nenda kayaseme Boma, mume wangu arudi."

"Watanifunga, mama."

"Na yeye wamempeleka harusini?"

Nikaenda. Njia nzima maneno nilikuwa nayo, yamepangika. Mlangoni askari mmoja akaniuliza, "Wewe kijana, shida yako?"

Nikasema nimekuja kuuliza leseni ya baiskeli.

"Baiskeli yenyewe iko wapi?"

"Nimeona nianze na leseni, afande. Baiskeli itanitafuta yenyewe."

Askari wakacheka wakashikana mabega. Mmoja akasema nirudi tena kesho niwachekeshe. Nikacheka nao, nikageuka, nikaondoka.

Mama yule nilimwambia mkubwa wa Boma kasafiri. Kila Jumapili tukitoka misa ananiuliza, "Amerudi?" Namwambia bado. Anasema haya, tutangoja.

Nyie vijana mnaowageuzia maneno mabwana wa uchunguzi, mzee akisema maji, semeni maji. Hayo mnayoyasema mezani kwa mzaha, wenzenu wanayapeleka Boma bila mzaha.

Na ukishaharibu, usiandike gazetini kama mimi. Nenda ukaseme mbele ya wanaoweza kumrudisha mtu, na jina lako ulitaje. Mimi langu sikuliweka hapa. Mzee Aloisi bado yuko huko.