Sauti Iliyoniambia Nisogee Kwenye Mkeka wa Mazoezi

Admin, nifichie jina la ukoo na la kanisa ninalosali. Hilo la Doto liache tu. Hapa Bariadi ukiita Doto sokoni watageuka watu wengi, hakuna atakayejua ni mimi.

Nina miaka sitini na sita, ni mjane na mwalimu mstaafu. Nilifundisha baiolojia maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo msinichukulie kama mtu wa kuamini kila kinachosemwa. Naishi na binti yangu wa mwisho, tunapendana sana, na jambo hili ndilo la kwanza kutugombanisha.

Daktari aliniambia nyonga zangu zinahitaji mazoezi. Jirani yangu, Mama Limi, akanipeleka kwenye kundi linalokutana uwanjani Jumamosi asubuhi. Mwalimu wao ni msichana aliyetokea Mwanza, naye huchanganya vitu viwili. Cha kwanza anakiita barre, mazoezi yaliyotokana na wacheza dansi wa Ulaya, ambao hushika ufito uliofungwa ukutani huku wakizoeza miguu yao. Sisi hatuna ukuta. Tunashika bomba la chuma lililofungwa kati ya miarobaini miwili, tunainuka kwa vidole vya miguu, tunashuka polepole. Cha pili ni yoga, yaani kunyoosha viungo na kutuliza pumzi.

Siku ya kwanza tulikuwa tumejipanga kwenye bomba, visigino juu, wanawake peke yetu, kijana wa bodaboda akazima pikipiki kabisa, akatuita mama kwa Kisukuma. "Mayu, ng'ombe wenu kapotelea upande gani? Niwasaidie kuchungulia?"

Mama Limi hata hakugeuka. "Tunatafuta akili yako, tumeona vumbi tu. Pita!"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mwishoni mwalimu akatuambia tulale chali kwenye mikeka, tufumbe macho. "Huu unaitwa mkao wa maiti," akasema. "Msifanye chochote. Laleni tu."

Hapo inabidi niwaeleze kidogo. Kwetu Wasukuma, pacha anayetangulia kuzaliwa ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Kulwa wangu, mwanamke kama mimi, alifariki miaka ile soko huria lilipoingia kwenye pamba, wanunuzi binafsi wakawa wanashindana na malori yao mpaka vijijini. Alikuwa amepanda juu ya mzigo wa pamba akitokea Kasoli, lori likapinduka. Tulikuwa bado vijana, kila mmoja ana watoto wadogo. Kabla ya mazishi shangazi yetu alinilaza chali kando ya mwili, mkeka mmoja, akatufunika shuka moja. Ndivyo ukoo wetu ulivyomfanyia pacha anayebaki, ili aagane na mwenzake. Kisha akasema, "Doto, inuka. Mwache mwenzio alale peke yake." Nikainuka. Tangu siku hiyo sikuwahi tena kulala chali.

Sasa nikawa nimelala chali uwanjani, nasikia wenzangu wakipumua. Halafu sikioni, upande wa kushoto, mtu akaniambia kwa Kisukuma nisogee. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyechoka kwa safari. Nikasogea.

Mwalimu alipotuamsha, Mama Limi alikuwa ananikazia macho. "Mayu, mbona uko mchangani? Mkeka umemwachia nani?"

Nikasema nilipitiwa na usingizi. Jumamosi iliyofuata nilirudi, ikawa vilevile. Sasa hata nyumbani naamka nikiwa ukingoni mwa kitanda, nafasi iliyobaki ni ya mtu mzima.

Nimejielezea jambo hili kama nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi. Utotoni tulilala kitanda kimoja, tukisukumana na kuambiana neno hilohilo. Mwili ukilazwa kama zamani, ubongo unatoa kumbukumbu. Ningeridhika na maelezo hayo, lakini sauti ninayoisikia si ya Kulwa niliyemzika akiwa kijana. Ni ya mwanamke mzee, ina mkwaruzo. Ubongo unakumbukaje sauti ambayo masikio hayakuwahi kuisikia? Amezeekea wapi?

Nilikosea kumwambia binti yangu. "Mama, hiyo ni roho chafu, inajifanya mama mkubwa."

"Mbona hainidhuru? Hata nyonga zimepungua maumivu."

"Ndivyo inavyomvuta mtu."

Ameshaongea na mchungaji. Jumamosi hii asubuhi, saa ileile ya mazoezi, watu wa maombi watakuja nyumbani kuikemea. Nilipomwambia huenda nisiwepo, alikaa chini akalia. "Mama, mimi ndiye niliye hai," akasema.

Juzi nikiwa uani nilimwita binti yangu kwa nguvu, ukuta wa jirani ukanirudishia sauti yangu. Nikashtuka. Ni mkwaruzo uleule. Mimi na Kulwa tulikuwa na sauti moja, hata mama yetu alikuwa hatutofautishi tukimwitikia tukiwa nje. Basi huenda ni mimi ninayejisemesha. Au huenda yeye naye amezeeka pamoja nami muda wote huu, na sikujua.

Wenye wazazi na wenye watoto, nisaidieni mawazo, ila msinitukane. Nikae nyumbani niombewe ili mwanangu apate amani, au niende uwanjani nilale? Maana watakapoanza kukemea, sijui watakuwa wanamfukuza nani kati yangu na Kulwa.