Chupa Mbili Dirishani

Kosa ni langu. Si la shetani, si la mume wangu. Jina langu silitaji, na ya wengine nimeyabadilisha, kwa sababu mwanangu bado hajui, na sitaki aje kuyasoma gazetini.

Tulikuwa wake wawili ndani ya ua mmoja, huku Mkolani. Mkubwa ni Mama Leticia. Mimi ndiye mdogo, na mwanangu ni Masanja. Watoto wetu walikuwa darasa moja, la nne. Masanja alikuwa hatoki kwenye majaruba ya mpunga, akaanza kukojoa damu. Kichocho! Siku moja Mama Leticia akamwona nyuma ya choo, akaita majirani.

"Jamani njooni muone! Kijana wa bibi mdogo kaingia mwezini!"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mwanangu alilia. Mimi nikajifanya nacheka nao, lakini moyoni nikasema huyu nitamkomesha.

Wiki chache baadaye watu wa afya wakaja shuleni. Kila mtoto akapewa chupa ndogo yenye jina lake kwenye plasta, aijaze mkojo nyumbani asubuhi. Wetu walijaza, wakaziweka dirishani, wakaenda kuvaa sare. Ya Leticia ilikuwa safi. Ya mwanangu nyekundu.

Nikabandua plasta zote mbili, nikazibadilisha.

Siku ya majibu nilijipeleka shuleni na beseni la maandazi, eti nauza. Majina ya wenye kichocho yakasomwa paredi. Leticia! Watoto wakazomea. Mama yake alipopata habari alijifungia ndani mchana kutwa. Jamani, nilifurahi! Nilikaanga sato, nikaimba jikoni makusudi anisikie.

Jioni Masanja akaja kukaa karibu yangu. Waliosomwa majina walikuwa wamenyweshwa uji na kupewa vidonge.

"Mama, mimi wameniambia ni mzima. Mbona bado inauma?"

Nikataka kwenda kwa mwalimu, aibu ikanishika. Ningemwambia nini? Miaka ile maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yanafunguliwa kila kona, nikaenda huko. Muuzaji akanipa vidonge vya rangi mbili, akaapa mtoto atapona. Hakupona. Nikajaribu mizizi. Damu ikapungua, ikarudi. Hospitali niliogopa, wangeuliza majibu ya shuleni.

Alipofika darasa la saba, wenzake wakijiandaa kwa mtihani, Masanja alishindwa hata kusimama. Tukampeleka hospitali, mimi, baba yake na Mama Leticia aliyebeba termosi ya uji.

"Kichocho hiki ni cha siku nyingi, kimeharibu kibofu na figo," daktari akasema. "Kwani dawa hazikufika shuleni kwenu?"

"Zilifika, dokta," mwanangu akajibu. "Mimi nilipimwa nikaonekana mzima. Leticia ndiye alikuwa nacho."

Mama Leticia akaweka termosi chini taratibu.

"Leticia wangu hajawahi kukojoa damu hata siku moja," akasema. Kisha akanitazama, nikaona ameshajua.

Nilisubiri amwambie mume wetu. Hakumwambia, na hajasema mpaka leo! Masanja hakufanya mtihani, na figo moja haifanyi kazi tena. Kila nikimpeleka kliniki, yule mwanamke hunisindikiza mpaka mlangoni. "Pole, mdogo wangu. Mungu amjalie mwanao." Anasema huku anatabasamu! Kumbe mimi nilikuwa sijui kulipiza kisasi.

Na niseme ukweli, bado namchukia. Lakini nyie wenzangu mlio na wake wenza, tukananeni, hata mkitaka fungeni kanga viunoni mtwangane. Cha mtoto msikiguse! Chupa yake, kadi yake, kidonge chake, viacheni.

Juzi Masanja kaniuliza kwa nini dawa ile iliwafikia wagonjwa wote wa darasa lake ikampita yeye peke yake. Nikamwambia ni mapenzi ya Mungu. Hata Mungu nimemsingizia.