Kibao cha Keekee Nilichokiacha Wazi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo nikiifikiria nashusha macho hata nikiwa peke yangu jikoni. Sijawahi kumsimulia mtu yote. Leo nakusimulia wewe, kwa sababu umeanza kazi ya mikono na watu wameanza kukusifu.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa. Kijiji chetu huku juu ya Lushoto kilikuwa kimejenga shule, lakini madawati hakuna. Watoto walikaa chini kwenye udongo, na baridi yetu ya mwezi wa saba unaijua. Kijiji kikaamua tutengeneze wenyewe. Wanaume kwa wanawake walibeba mbao za mti wa mkulo kichwani kutoka msituni, siku nzima kwenda na kurudi, njia inateleza. Fundi alikuwa Mzee Mbelwa, aliyejifunza useremala kwa wamisionari zamani. Karakana yake ikatupokea wasichana wawili, mimi na Sikudhani.

Sikudhani hakuwa Msambaa. Mama yake alitoka mbali kuja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, halafu wakahamia kwetu. Hawakuwa na ukoo hapa. Karakana ndiyo sehemu pekee alikoitwa kwa jina lake. Kwingine kote alikuwa "yule wa kuja".

Sasa, kazi ngumu kwenye dawati ni yale matundu ya miguuni, ambamo mbao za kukingama zinaingiza ndimi zake. Tundu likienda upande kidogo tu, dawati linacheza. Tulikuwa tunatoboa kwa keekee, tunakadiria kwa jicho, kisha tunasafisha kwa patasi. Mguu mmoja unakula asubuhi nzima. Mimi nilikuwa nimetoka darasa la jioni la watu wazima, najua kusoma rula, na nilikuwa najisikia kweli kweli. Nikapata wazo la kutengeneza kibao cha kuongozea keekee.

Nilichukua mbao ngumu, nikaipigilia mbavu mbili, ikawa kama mfereji uliopinduliwa, wa kuuvalisha mguu. Juu nikatoboa matundu matatu kwa mstari, karibu zaidi na upande wa nje, maana ndiko yanakotakiwa. Ndani ya kila tundu nikasukumia kipande cha bomba la chuma, ili keekee isiyatafune yakapanuka. Unakivalisha, unakaza kwa kabari, unazungusha. Cha kwanza kilipasuka, cha pili kikalegea. Cha tatu kilikaa! Mguu ulikwisha kabla uji wangu haujapoa.

Mzee Mbelwa akakishika, akakitazama huku na huku.

"Wee mndee," akasema, ndivyo sisi Wasambaa tunavyomwita msichana, "kizuri. Lakini kiko wazi miisho yote miwili. Mtu akikivalisha kinyume, matundu yanahamia upande wa ndani. Ziba mwisho mmoja, kigote kwenye kichwa cha mguu, kisiweze kugeuka."

"Nani atakigeuza, babu? Mimi nakijua."

"Wewe unakijua," akasema, akanirudishia.

Kuziba ilikuwa kazi ya kipande kimoja cha mbao na misumari miwili. Sikuziba.

Jumamosi ile kwaya yetu ilialikwa kuimba harusini Vuga. Nikamwonyesha Sikudhani haraka haraka, nimeshavaa nguo za safari: valisha, kaza, zungusha. Habari ya kugeuka sikumwambia. Niliporudi Jumatatu nikakuta miguu ishirini na minne imetobolewa, kazi safi, matundu yamenyooka kabisa. Zaidi ya nusu yalikuwa upande usio wake.

Nilielewa pale pale mlangoni, mwanangu. Nisije nikakudanganya kwamba nilichelewa kuelewa.

Mkutano ukaitwa. Waliobeba zile mbao walikuwa na haki ya kukasirika.

"Mtu wa kuja mkimpa keekee mnategemea nini?" mmoja akapaza sauti.

"Kazoea kuchuma chai huyo, kadhani na mti unachumwa!" Watu wakacheka.

Mwenyekiti akanigeukia. "Luiza, kibao ni chako. Ulimwonyesha?"

"Nilimwonyesha," nikasema.

Sikudhani akanitazama. Alingoja kidogo, nadhani alitegemea niongeze neno. Sikuongeza. Akainama, akasema, "Labda nilikosea mimi." Wakamtoa karakana, wakampeleka kulima shamba la kijiji. Na mwenyekiti, kwa kuwa alijua mimi ni mtu wa kanisa, akaniomba nifunge mkutano kwa sala. Nikafunga. Nilisali vizuri sana.

Asubuhi yake nikamwamkia Mzee Mbelwa, "Shikamoo." Hakuitikia. Aliniwekea mikononi kile kibao na mguu mmoja ulioharibika.

"Kigeuze," akasema.

Nikakigeuza. Kikavaa bila shida.

"Haya. Nani kakosea?"

Nikakivua kile kibao, nikakiweka chini.

"Mimi sikusemei. Mdomo unao."

Jumapili tatu nilikwenda kanisani nikiwa nao, umefungwa. Mwezi haujaisha, Sikudhani na mama yake wakafunga mizigo wakaenda Kwamkoro, kwenye chai. Alipokwisha kuondoka ndipo nikasimama mkutanoni nikasema kweli. Unajua walinifanya nini? Hakuna. Mwenyekiti akasema, "Aa, Luiza, yamepita hayo," wakaendelea na habari ya mbolea. Mimi nilikuwa mtoto wa hapa. Neno lile lisingenigharimu hata siku moja ya kazi, na kutolisema kwangu kulimgharimu mwenzangu kila kitu alichokuwa nacho hapa.

Kumfuata niliona aibu. Ilipita miaka minne. Nilipofika Kwamkoro nilimkuta katikati ya chai, kikapu mgongoni, nikamweleza yote nimesimama kwenye matope. Alisikiliza mikono ikiendelea kuchuma.

"Ulijua siku ile ile?"

"Nilijua."

Mikono ikasimama. "Mimi nimekaa miaka yote hii najiambia sina mikono ya kazi ile. Mume wangu aliniletea mbao nimtengenezee kitanda, nikamwambia sijui."

"Rudi, dada. Nitawaambia tena, mbele yako."

"Nirudi wapi, Luiza? Nina watoto wawili." Akarekebisha mkanda wa kikapu. "Niache nijaze, mwenye mizani anakuja."

Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Basi nisikilize. Ukitengeneza chombo, usikitengeneze kwa ajili yako unayekijua. Kitengeneze kwa ajili ya mwenzako asiyekijua, ambaye hujapata muda wa kumweleza. Wakikuonyesha kasoro, irekebishe siku hiyo hiyo, hata kama unaona wanakuonea. Na ikitokea mtu ameaibishwa kwa kosa lako, sema wakati bado amesimama pale, akusikie kwa masikio yake. Ukingoja, utasamehewa na watu wote isipokuwa yule uliyemkosea, na yeye atabaki kuamini uongo juu ya nafsi yake.

Mungu akupe ujuzi kunishinda mimi, mwanangu, na pamoja na ujuzi akupe woga wa kumwumiza mtu. Akubariki wewe na kila atakayeshika kazi yako baada yako. Amina.