Kudra wa Rido na Kiti cha Pili

Ukifika Buyenzi ukauliza nyumba ya Kudra, utaulizwa Kudra yupi, maana wapo wengi. Sema Kudra wa rido, na hata muuza mkaa ataacha gunia lake akuelekeze. Rido ni pazia, lakini Bujumbura mtu hasemi pazia, anasema rido, na rido nzuri za mji huu nyingi zimepita mikononi mwa mwanamke huyu, kwenye cherehani ya miguu aliyoachiwa na mama yake. Mlango wake mwenyewe una kipande cha kanga kilichochoka tangu zamani. Majirani wakimcheka, hujibu, "Mganga hajigangi. Na mi sijishonei."

Sasa, Kudra hakuwa mtu wa kupima dirisha na kwenda zake. Akiitwa kwa mtu, kwanza huomba chai. Wasiomjua walimdhania mlafi. Kumbe anachukua kikombe chake, anaketi kwenye kiti kimoja, anatazama. Halafu anahamia kingine, anatazama tena, hivyo hivyo mpaka viti viishe au chai iishe. Anatafuta kila kiti kinaona nini. Kiti hiki kinaona mlango. Kile kinachomwa na jua la saa kumi. Kingine, maskini, kimewekwa kutazamana na choo, na ndicho wanachompa mgeni.

"Nyumba haipambiwi anayeingia," husema. "Anayeingia anapita. Inapambiwa anayekaa."

Kwa njia hiyo alipamba hata nyumba ya Béatrice kule Gatumba, mama wa Kikongo anayeuza dagaa, ambaye maji yalimwingilia ndani mara mbili. Kudra alipoketi pale na chai yake aliona mstari wa matope ukutani, juu kidogo ya bega lake. Basi akashona rido fupi, zinaishia dirishani, akamwambia fundi chuma atengeneze viti vya miguu mirefu, na juu ya ule mstari akatundika kitambaa chekundu cha maua, ili jicho lipande lisishuke. Béatrice alisema tangu siku ile hakuutazama tena ule mstari, ingawa upo. Hiyo ndiyo kazi ya Kudra.

Ni mara moja tu alipoiacha desturi yake ya chai, na ilikuwa Kiriri, mtaa wa wenye nazo juu mlimani.

Aliyemwita alikuwa binti mmoja anaitwa Bella, mke wa Rénovat. Rénovat mwenyewe alikuwa safarini kikazi. Siku hizi mafuta ya gari ni ya kutafuta, kwa hiyo Kudra alipanda ule mlima kwa miguu, akafika na vumbi mpaka kwenye pindo la baibui. Mlangoni akavua viatu, akaingia, akasimama kama aliyeingia msikitini.

Jamani, sebule ile, saloni kama wanavyoiita wenyewe! Sakafu inang'aa. Kanape, yaani kochi refu, nyeupe kama maziwa, imepinda kona kufuata ukuta. Meza ya kioo. Taa inaning'inia imesukwa kama kikapu. Ukuta mmoja rangi ya majivu, na rido za majivu zilizo nzito zikifunika upande wote wa ziwa kuzuia jua, na mbele yake televisheni kubwa karibu na mlango wa nyumba. Kudra hana wivu na kazi nzuri. Alishika kile kitambaa cha rido, akakipima kwa vidole, akasema moyoni, mtoto huyu ana jicho.

"Mama Assia, karibu, kaa basi, nilete chai," Bella akamwambia, akimwita kwa jina la binti yake wa kwanza kama inavyopasa.

Kudra akaitazama ile kanape nyeupe, akalitazama vumbi lake. "Apana, mwanangu. Niko sawa hivi."

Akasikiliza shida akiwa amesimama.

Shida ilikuwa baba wa Rénovat, mzee Ildephonse. Miaka arobaini alitengeneza baiskeli mlangoni kwake Gasenyi, mke wake akafariki, watoto wakatawanyika, akabaki na spana zake. Mwezi uliopita goti lilimwangusha ndani ya nyumba, akalala chini siku nzima mpaka jirani alipovunja mlango. Rénovat na Bella wakamleta Kiriri. Wakamnunulia fotei, kochi la mtu mmoja, yake mwenyewe, nyeupe, laini, ya kuegemeza kichwa. Na mzee hakai. Anakula wima karibu na jikoni, kisha anashuka getini kukaa na zamu, yaani mlinzi, mpaka giza liingie. Na sasa amesema Jumapili anarudi kwake Gasenyi.

"Arudi peke yake, na lile goti!" Bella akasema. "Mama Assia, we haujui. Siku ya harusi yangu wajomba wa Rénovat walinitafutia makosa, mara mwembamba, mara sijui kulima. Databukwe akasimama, baba mkwe huyu, akasema, 'Mi nimetengeneza baiskeli nyingi. Hii haina kasoro, muache kupiga kengele.' Watu walicheka wakanyamaza. Nikimuacha aende akafie kule, nitasema nini?"

Kudra akamwonea huruma. Akaitazama ile fotei nyeupe, akakumbuka kucha za mafundi baiskeli zilivyo na grisi isiyotoka hata kwa majivu. Akajiambia, nimeshaelewa. Mzee anaogopa kuchafua.

Alhamisi akarudi na dawa yake: foronya kubwa ya kahawia iliyoifunika fotei yote, imeshonwa vizuri, na juu ya mahali pa kichwa kitambaa cha kroshe alichokisuka mwenyewe. Wakamwita mzee. Akaja taratibu na fimbo, mtu mrefu, mikono kama mizizi. Akaitazama fotei ya kahawia. Akaitazama kanape nyeupe, isiyo na kifuniko. Akamtazama Kudra, kwa adabu.

"Mumefanya vizuri," akasema. "Asante sana." Akageuka akashuka getini.

Kudra akahisi masikio yanamwaka. Ndani ya saloni nzima, kiti kilichovikwa nguo ya kazi kilikuwa kimoja, na kila mtu alijua ni cha nani. Miaka thelathini na zaidi ya kazi hajawahi kumtukana mtu kwa sindano. Usiku ule hakula sawasawa.

Jumamosi asubuhi alipanda tena mlima, lakini safari hii hakufika nyumbani. Aliishia getini. Mzee Ildephonse alikuwa kwenye benchi la zamu, na huyo zamu, Mirindi, mtu wa Uvira mwenye maneno mengi, alikuwa amesimama na termosi.

"Amahoro, wazee," Kudra akasema. "Nina kiu ya chai."

"Karibu, karibu Mama!" Ni mzee aliyejibu. Alivua kofia, akafuta benchi nayo, akasogea. "Kaa huku kuna kivuli. Mirindi, we, mupe kikombe ambacho mukono haujavunjika."

"Hicho ndicho unakunywea we, Muzee."

"Basi mupe hicho. Mi nina mudomo hata bila kikombe."

Kudra akaketi, akashika chai yake, akafanya kile ambacho alipaswa kufanya siku ya kwanza. Akatazama. Kutoka kwenye benchi lile unaliona ziwa lote, na milima ya Kongo ng'ambo, na ukigeuza shingo kulia unaona bonde linavyokwenda kaskazini, upande wa Gasenyi. Vizuri. Lakini alijua bado hajaipata shida yenyewe. Akanywa kidogo kidogo. Akapita mama wa mboga, mzee akamwambia karibu, akapumzisha kikapu. Akapita fundi bomba, karibu. Akapita muuza maziwa anasukuma baiskeli, jina lake Anouar, na kabla hajafika mzee alishasema, "Karibu, we, huo munyororo unalia kama mbuzi, lete." Akaukaza kwa vidole, mara moja. Kikombe cha Kudra kilikuwa hakijafika nusu.

"Muzee," Kudra akasema, "juzi nilikukosea. Unisamehe."

Mzee akacheka. "We ulifunika grisi. Hata mi ningeifunika. Lakini mutu akikaa kwenye kiti kilichofunikwa peke yake, anajua."

"Anajua. Wallahi anajua."

"Na si hicho tu, Mama." Akapunguza sauti, ingawa Mirindi alikuwa ametega sikio wazi wazi. "Yule mutoto ni muzuri, Mungu amubariki. Tangu nifike ananiambia karibu. Karibu kula. Karibu televisheni. Karibu kwa kiti. Nashukuru. Lakini mutu ataambiwa karibu mpaka lini? Kwangu Gasenyi mi ndiyo nilikuwa ninasema."

Kudra akaweka kikombe chini.

"Kule kwako ulikuwa unakalia nini?"

"Viti viwili vya mbao. Nilivisuka mwenyewe kwa mipira ya ndani ya baiskeli. Kimoja changu, kimoja cha mwenye baiskeli."

"Viko wapi?"

"Rénovat alisema vibaki. Vya zamani."

Kudra akainuka, akapanda kwa Bella, akaingia na baibui lake la vumbi, akasema bismillahi akakaa katikati ya kanape nyeupe. "Sasa mwanangu, leta chai."

Bella alifurahi mpaka akasahau sukari. Kudra akahama kiti hadi kiti. Kwenye fotei ya mzee alikaa muda mrefu zaidi. Kiti kile kilikuwa kinaona televisheni, na rido iliyofungwa, basi. Ziwa lilikuwa nyuma ya kitambaa, na nyuma ya kitambaa hicho hicho kulikuwa na mlango wa kioo wa kutokea barazani, unaotazamana na geti.

"Mulango huu unafunguka?"

"Unafunguka, lakini jua..."

"Jua linakuja saa tisa. Asubuhi yote mumelala gizani bure. Hii nzito tunaisogeza pembeni, ya mchana nitawashonea nyepesi, nyeupe, inaacha upepo. Televisheni iende ukuta ule. Na pale mulangoni, nusu ndani nusu baraza, tunaweka viti vya Gasenyi."

"Viti vya... Mama Assia, vile vya mipira?" Bella akajishika shavu. Picha zote za saloni nzuri alizokuwa amehifadhi kwenye simu yake hazikuwa na mpira wa baiskeli.

"Mupira mweusi, mbao ya kahawia, kando ya weupe wako. Fikiria kidogo."

Bella akafikiria. Lile jicho lake halikuwa la bure. "Itakaa vizuri," akasema polepole. "Itakaa vizuri sana. Basi Mirindi akilete kiti chake."

"Vyote viwili."

"Lakini databukwe ni mmoja."

"Kiti kimoja ni cha mugeni, au cha mugonjwa," Kudra akasema. "Viwili ni vya mwenye nyumba."

Mirindi alikwenda Gasenyi na pikapu ya jirani, huku mzee akiwa amejilaza kupumzisha goti. Na ile foronya ya kahawia Kudra aliivua, akaikata bila huruma, akatoa foronya ndogo za mito, moja kila kiti, hata pale anapokaa Bella, hata pale anapokaa Rénovat. Kama ni grisi, basi iwe ya nyumba nzima.

Jumapili Kudra alipanda mlima mara ya nne na rido nyepesi mkononi. Alikuta Bella ameshatoka misani, amesimama katikati ya saloni anakunja kitambaa na kukikunjua. Mzee alitoka chumbani amevaa koti, begi mkononi. Alipita saloni ili kuaga, akasimama.

Mlango ulikuwa wazi. Upepo wa ziwa unaingia. Viti viwili vinatazamana, kimoja kikiwa kimeegemea nguzo kidogo, kama vilivyokuwa vikikaa Gasenyi.

Alisogea, akabonyeza kiti kwa kidole gumba. Akakunja uso.

"Nani amebeba hiki kwa kuvuta mupira? Umelegea."

"Mirindi," Bella akasema haraka.

"Huyo apewe kazi ya kubeba maneno tu." Akaweka begi chini, akaketi, akaanza kuuvuta ule mpira na kuufunga upya. Chini kule getini ikasikika sauti ya mnyororo. Mzee hakuinua kichwa, lakini sauti yake ilijaa baraza lote. "Anouar! Nilikaza jana, umeufanya nini? Mirindi, fungua! Lete hapa, lete. Karibu! Karibu, kaa."

Anouar akapandisha baiskeli mpaka barazani, gurudumu la mbele likaingia ndani na kuchora mstari mweusi kwenye sakafu ing'aayo. Bella akauona mstari ule. Kisha, wakati wanaume wanainamia mnyororo, alilichukua begi polepole, akalirudisha chumbani, akatoka na birika.

Kudra alikuwa juu ya kiti anatundika rido yake, pini mdomoni.

Mzee akapokea kikombe kwa mikono miwili yenye grisi, akampa Anouar kwanza. Halafu akamwona Bella amesimama pale na birika, hajui akae wapi.

"Na we, mwanangu, mbona umesimama?" akasema. "Karibu. Vuta kiti."

"Asante, databukwe," Bella akajibu, akavuta kiti, akakaa kwa adabu kama mgeni.