Maji Yanayotangulia

Mtaa mzima ulimwita Mama Chupa, na jina likamkaa. Kila wiki alipita na sanduku la barafu lililojaa vichupa vya maabara, akipima maji ya mabomba ili yeye na watafiti wenzake wa afya wajue kinachowaharisha watoto. Mwangalifu huyo mama, jamani, usiseme! Jua likishapanda alifungua bomba, akayaacha maji yakimbie, akalifunga, akauunguza mdomo wa bomba kwa pamba ya spiriti iliyowashwa moto, ndipo akajaza chupa, uchafu wa mikono ya watu usije ukamharibia kipimo. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyowafundisha wengine.

Majibu yakawa yale yale: maji safi. Watoto nao wakazidi kuhara, wawili wakazikwa. Wakubwa wa utafiti wakaamua kosa ni la akina mama wasionawa mikono, basi akina mama wakahubiriwa sabuni mpaka masikio yakawauma.

Mdogo wake wa tumbo moja alikaa mtaa huohuo. Siku moja alimuuliza, "Dada, niendelee kuchemsha? Mkaa unanimaliza."

"Uchemshe ya nini? Maji yenu nimeyapima kwa mikono yangu."

Mtaalamu akishasema, nani abishe? Jiko likapumzika.

Haukupita muda, kitindamimba wa mdogo wake akaanza kuharisha. Mama Chupa akaenda kulala huko amuuguze. Alfajiri akasikia kitu ambacho katika kazi yake yote hakuwahi kukisikia: bomba la uani likikohoa. Maji hukatwa usiku, na sasa yalikuwa yanarudi. Mdogo wake akachomoka na ndoo, maana mchelewaji hapati kitu. Bomba likatema upepo, kisha yakaja maji ya kahawia yenye harufu ya choo.

"Haya unayakinga ya nini?"

"Yakitulia yanakuwa meupe. Ndiyo tunayokunywa, dada. Ukija wewe na chupa zako, sisi tumeshajaza ndoo zamani."

Moyo ukampasuka. Mabomba yale yalipita ndani ya mitaro ya maji machafu, na bomba likiwa tupu hunyonya uchafu kupitia kila ufa. Yeye alikuwa akipima maji yaliyofuata, yaliyokwisha kujisafisha. Loo! Usomi wote ule, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika pale maji yanaporudi.

Hapo wewe na mimi tungeipiga ndoo ile teke. Lakini mtafiti hasemi kabla ya majibu; hiyo kwao ni kama amri. Akikosea je, akautia mtaa kiwewe bure? Na tuseme kweli, aibu nayo ilimziba mdomo, kwa sababu jiko lile alilizima yeye. Akajaza chupa bila kuunguza bomba, akamshika mtoto paji la uso, akaona macho yamezama. "Mpe maji kwa wingi asikaukiwe," alimwambia mdogo wake, kama anavyowaambia wote. Kesho nitajua, akajifariji njiani; siku moja haiui.

Kesho yake alifungua kabati la joto la maabara. Kisahani alichotonesha maji yale kilikuwa kimejaa madoa ya vijidudu, hakuna pa kuweka hata sindano. Akampigia simu mdogo wake.

"Yamwage!" alisema hata kabla ya salamu. "Maji yote ya ndani, yamwage!"

"Kuna nini, dada? Mbona unanitisha? Mwanao leo hajambo kabisa. Kuhara kumekata, kulia kumekata. Kanywa kikombe kizima, sasa kalala."

"Kalala tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Kalala fofofo, maskini, kachoka. Nzi anamtembea kwenye jicho na wala hapepesi."

"Mwamshe."

"Si nimwache kidogo apumzike?"

"Mwamshe, mdogo wangu. Mwamshe sasa hivi."

Simu ikawekwa juu ya kitu kigumu. Mama Chupa akasikia jina la mtoto likiitwa, kwanza kwa upole, kisha kwa ukali, kisha kwa sauti ya kupiga mayowe.