Glavu za Bitutu

Soko zima la Ndhiwa tulikuwa na midomo, lakini Bitutu muuza ndizi alitushinda. Ndiyo maana mwaka wa tisini na saba, serikali ilipotafuta watu wa kufundisha wenzao juu ya ukimwi na kutunza wagonjwa nyumbani, tulimchagua yeye. Alifunzwa siku tano Homa Bay, akarudi na fulana, mkoba na boksi la glavu. Jameni, aliringa!

Mwalimu wao alisema glavu ni za kushikia damu na vidonda. Bitutu akazifanya sare ya kazi. Siku ya soko alizivaa tangu barabarani, nikiwa naye, akaenda kwa Dolphine muuza dagaa wa omena, rafiki yake wa miaka kumi, aliyekuwa amekonda akituambia ni malaria. Dolphine alitoka mlangoni akanyoosha mkono. Bitutu akamsalimu kwa mkono wenye glavu, watu wakiona.

Kabla hatujarudi sokoni habari kwamba Dolphine ana ukimwi ilikuwa imeshafika. Tangu siku hiyo hakuna aliyenunua omena ya Dolphine. Naye akajifungia, hataki mgeni, hataki dawa ya kuzuia kuhara, hata uji hataki. Nilikasirika, nikamwambia Bitutu bila kuficha: "Umemuua kabla ya ugonjwa."

Alilia sana. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini Sabato iliyofuata, yeye asiyekosa ibada, alibaki nyumbani akasonga ugali, akapika samaki. Nikamfuata. Aliketi nje kwa Dolphine na chakula chake, mikono bila glavu, akaita. Alikaa hapo mpaka ugali ukapoa, mpaka waumini wenzake wakapita wakitoka kanisani, wakimkodolea macho.

Hatimaye mlango ulifunguka. Dolphine alikuwa ameshika ukuta asianguke. Bitutu alimnawisha, wakala sahani moja mbele ya wote. Dolphine alimeza matonge mawili tu, kisha akasema taratibu:

"Hata siku ile ulikuwa na mkono huu, Bitutu."

Bitutu alimtunza wiki saba, akimwosha na kumlisha, mpaka tukamzika. Kila asubuhi alianza kwa kumpa mkono. Na kila asubuhi, hata ile ya mwisho, Dolphine aliugeuza kwanza akautazama, ndipo akaushika.