Alhamisi za Kupasua Majipu

Nilipoanza kazi ya uuguzi wilayani Serengeti, vijiji vya ujamaa vilikuwa bado vipya na mabati ya kituo chetu cha afya yaling'aa. Alhamisi ilikuwa siku ya upasuaji mdogo: majipu, vivimbe vya ngozi, miiba iliyozama ikatunga usaha. Watu walitembea kutoka hata Kenyamonta, na asubuhi mapema baraza ilikuwa imejaa.

Tulikuwa wawili tu, mimi na mganga wetu, kijana mpole ambaye kila mtu alimwita daktari. Kitanda kilikuwa kimoja, na vyombo vyote vilikaa kwenye trei moja. Akimaliza mgonjwa, mimi naosha na kuchemsha vyote upya kwenye jiko la mafuta ya taa, yeye anasubiri. Kisha anachoma sindano ya ganzi, tunasubiri tena. Waliokuja kubadilishiwa bendeji tu nao walikaa foleni hiyohiyo. Jioni tuliwarudisha wengi nyumbani.

Miongoni mwao alikuwa mama mmoja mkulima mwenye kivimbe utosini. Hakuweza kujitwika kitu. Maji aliyabeba kwa mkono, ndoo nusu. Alikuwa amerudishwa zaidi ya mara moja. Asubuhi moja nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaniambia kwa utulivu, "Mwanangu, kama na leo hamtanifikia, niambie sasa niwahi kupalilia."

Nilimweleza daktari, akasema, "Leo tunaanza na huyo."

Kivimbe kilitoka vizuri, na nyuzi zilipotolewa alianza tena kujitwika debe lake. Lakini tuliona kwamba kumtanguliza mmoja ni kumsogeza mwingine nyuma.

Jumapili tulikaa tukajadiliana. Daktari alitaka tuombe vyombo zaidi. Mimi nikasema hata tulivyo navyo tunavichemsha bure, maana jipu halihitaji vyombo vya kushonea. Tukavigawa katika vifurushi vidogo, vya majipu mbali, vya vivimbe mbali, tukawa tunavichemsha kabla wagonjwa hawajafika. Seremala mmoja wa Mugumu, mzee Mwislamu aliyetoka pwani zamani, alitutengenezea kitanda cha pili kwa mbao zilizobaki kwenye ujenzi wa shule. Wenye bendeji niliwahudumia barazani, wakaondoka mapema. Daktari naye alimchoma ganzi mgonjwa wa kitanda cha pili kabla ya kushika kisu kwa yule wa kwanza, hivyo alipogeuka, ganzi ilikuwa imeshika.

Alhamisi ya kwanza ya utaratibu huo, daktari alichungulia nje jua likiwa bado kali, akaniuliza wengine wamekwenda wapi.

"Wameisha," nikamwambia.

Hakuamini, alizunguka mwenyewe hadi nyuma ya jengo. Aliporudi alikuwa anacheka. Tulimenya viazi vitamu vya kuchemsha alivyotuachia mgonjwa mmoja, tukala taratibu barazani, miguu tumeinyoosha, hatuna wa kumwambia arudi wiki ijayo.